Farasi wa Khocha Levi

Mimi sina ugomvi na farasi. Nasema mapema kwa sababu hapa Kibabii nimesingiziwa mengi. Nilichokataa siku ile ya mahari ni jambo moja tu: mnyama asiyekamuliwa, asiyechinjwa na asiyelima anaingiaje katika hesabu ya ng'ombe? Wazee wakaniambia ninyamaze. Nikanyamaza, ila mdomo nilikuwa nimeubinua na kila mtu aliuona.

Jina langu ni Nabwile. Msichana aliyekuwa akiolewa, Nasambu, ni binti ya kaka yangu Wakhungu, na kwetu Wabukusu shangazi, yaani senge, si mtu wa kualikwa kuja kula wali na kurudi kwake. Mama yake Nasambu, Phelista, alifariki msichana akiwa darasa la nne. Tangu hapo nimemlea mimi, na kama ana makosa, basi mengine ni yangu. Alisoma akawa mwalimu wa chekechea huko Tuwan, Kitale. Siku moja ya kufunga shule, mwalimu mkuu aliamua watoto wapandishwe farasi wazungushwe uwanjani, na kijana aliyekuja na farasi hao aliitwa Kipsang. Watoto waliposhuka, mwalimu naye akapanda. Yaliyofuata sikuwapo, kwa hiyo siyasemi.

Kipsang alikuwa mtunza farasi katika shamba la mzee mmoja aitwaye Kagwe, nje ya mji wa Kitale. Ni kijana mrefu, mpole, mwenye harufu ya nyasi kavu hata akivaa suti. Mzee Kagwe alipochoka na kilimo, alimpa farasi jike mmoja awe wake kabisa. Farasi huyo aliitwa Dachesi. Alikuwa mwekundu kama udongo wa kwetu, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu kuanzia miguuni kwenda juu, kama mama mkwe.

Mahari ilikwenda vizuri mpaka tukafika kwa ng'ombe wa khocha. Khocha ni mjomba, kaka wa mama. Yeye husimama mahali pa tumbo lililomzaa msichana, na asipopata mnyama wake, msichana hatoki. Hilo halina mjadala, hata uwe umesoma mpaka vitabu vikuogope. Kipsang alikuwa amemtengea khocha mtamba mwenye mimba, lakini wiki ileile homa ya ndigana ikamchukua. Akaja na ng'ombe wengine kwenye lori, na katikati yao, akiwa amenyanyua shingo kwa dharau, Dachesi.

Kijana alisimama akaeleza kwa heshima. Huyu farasi alipandwa mwanzoni mwa Januari. Atakachozaa kitakuwa cha khocha. Mama atakaa kwa Wakhungu, azalie hapo mbele ya macho ya watu na anyonyeshe hapo. Mtoto akiacha ziwa atakwenda kwa khocha, na mama atarudi Kitale.

Macho yote yakamgeukia Khocha Levi. Huyu Levi ni kaka mdogo wa marehemu Phelista. Anakaa Chwele, na ana shingo ngumu ambayo sisi wenyewe ndio tuliomkazia. Baba yangu alipomposa Phelista kwa ajili ya Wakhungu, alipeleka Chwele ng'ombe aliyesemekana ana mimba. Wakangoja. Ng'ombe akanenepa, wakaendelea kungoja. Kumbe lilikuwa tumbo la nyasi tu. Baba aliapa mpaka kufa kwamba hakujua, na mimi nilimwamini, lakini Levi alikuwa kijana mdogo anayechunga ng'ombe huyo, na kila alipompeleka kwenye josho wenzake walimwuliza dada yake alienda kwa bei ya majani gani. Mtu hasahau jambo kama hilo. Kwa hiyo tulijua atakataa.

Hakukataa. Alimzunguka Dachesi mara mbili, akamshika shingo, na nikaona uso wake unabadilika. Alikuwa ameshajiona akiingia soko la Chwele juu ya farasi, kofia kichwani, wauza nyanya wakimpisha. Akasema anakubali, bora azae kabla ya harusi. Bila mtoto huyo mkononi, hatatoa baraka za upande wa mama.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na liliingia kwa mlango wa mbele watu wote wakitazama. Baraza lile lilikuwa la wazee waliozalisha ng'ombe tangu hawajatahiriwa. Waliposikia Januari, kila mmoja alipiga hesabu yake kimya: miezi tisa, basi ni Oktoba. Hakuna aliyemwuliza Kipsang. Ungemwulizaje? Ni sawa na kumwuliza mgeni jua huchomoza upande gani. Naye Kipsang, aliyekulia kwato za farasi zikimkanyaga vidole, alipiga hesabu yake kimya vilevile: miezi kumi na moja, basi ni mwanzo wa Desemba. Harusi ikapangwa Jumamosi ya pili ya Desemba, shule zimefungwa na mahindi yako ghalani. Tukapeana mikono na tukala, kila upande na mwezi wake kichwani.

Dachesi akahamia kwetu. Wanafunzi wa chuo cha hapa Kibabii wakawa wanakuja kupiga picha naye, mmoja akaniomba nisogee kidogo nisiharibu picha, katika boma la baba yangu mwenyewe. Kazi ya kumpa maji ilinishukia mimi kwa sababu Wakhungu aliogopa miguu yake ya nyuma. Nilimpa maji bila kumsalimia. Baadaye nikaanza kumpelekea maganda ya ndizi, kwa kuwa yangeoza tu, na majani ya viazi, kwa kuwa yalikuwa mengi. Ikafika mahali nikichelewa ananiita. Sisemi nilimpenda. Nasema nilikuwa siwezi kulala vizuri kama hajala.

Oktoba ilipoanza, Khocha Levi alikuja na kamba mpya ya manila mabegani. Akamtazama Dachesi, akatazama chini, kana kwamba mtoto ameangukia kwenye nyasi asionekane. Akarudi wiki iliyofuata. Akarudi tena. Oktoba ikaisha na tumbo la Dachesi likiwa kubwa, mwenyewe akitafuna kwa starehe kana kwamba hana miadi na mtu.

Mimi niliingiwa na hofu. Tumbo la nyasi lilikuwa limerudi nyumbani kwetu, hilo ndilo nililoliwaza, na sikumwambia mtu. Daktari wa mifugo alipopita kuchanja ng'ombe, tulimwomba ampime. Akaingiza mkono, akatulia, akasema kuna kitu ndani na kimempiga teke. Khocha akajibu kwamba hata yule ng'ombe wa zamani walikuwapo watu waliohisi mateke.

Tukamwita Kipsang kutoka Kitale. Alipoelewa tatizo ni nini, alicheka, na hilo halikusaidia. Akasema farasi si ng'ombe, hubeba miezi kumi na moja, na wengine hupitiliza kidogo. Nasambu akatoa simu akamwonyesha khocha yaliyoandikwa. Khocha alisoma kwa makini, akairudisha simu kwa mkono wa kulia, akasema kwenye simu alishawahi kusoma kwamba yeye mwenyewe ameshinda gari.

"Kwanza ilikuwa mtamba, ikakufa," akamwambia Kipsang. "Harafu ikawa falasi, haizai. Sasa ati ni miezi kumi na moja. Kesho mutasema ni mwaka."

"Ile ya mwaka ni punda, Khocha," Kipsang akamjibu.

Alikuwa akisema kweli tupu, maskini, na kwa adabu. Lakini kuna kweli ambazo mtu mwenye akili huzimeza kwanza. Khocha aliokota kofia yake akaondoka bila kunywa chai, na ujumbe wake ukaja nyuma na mtu wa bodaboda: bila mtoto wa farasi, hakuna harusi, na ng'ombe wote wapakiwe kwenye lori.

Desemba ikaingia. Siku ya Jumatatu ya wiki ya harusi, khocha akaja Kibabii na begi, blanketi na kiti cha kukunja, akajiweka mlangoni mwa banda la Dachesi. Alisema atakaa hapo mpaka aone kwa macho yake. Usiku alikuwa na tochi, na kila Dachesi alipohema, tochi iliwashwa. Habari zikaenea. Wazee wenzake wakaja kumpa kampani, watoto wakapanda juu ya ua, na mama mmoja wa mandazi akaona hapo kuna wateja.

Jumanne Kipsang akafika. Akapiga magoti chini ya Dachesi na kutuita tuone: kiwele kimejaa, na kwenye ncha za chuchu kumeganda matone ya manjano kama nta. Akasema hiyo nta ikionekana, ni leo au kesho. Tukafurahi, hata mimi nikapiga kigelegele kidogo cha majaribio. Kesho ikaja ikapita. Alhamisi nayo ikaja ikapita. Dachesi alikuwa akizunguka bandani, anageuka kutazama ubavu wake, jasho linamtoka, halafu anaona ile safu ya macho mlangoni na kuacha. Anaanza tena kula nyasi.

Kipsang akanivuta kando na kunieleza jambo ambalo nilitamani lingekuwa la uongo. Farasi jike hapendi kutazamwa akizaa. Porini angejitenga, na hata nyumbani akiona watu anaweza kujizuia, akingoja wakati anapoona pametulia. Kinachomzuia ni khocha mwenyewe, na kiti chake, na tochi yake. Nikaenda kumwambia khocha maneno hayo kwa lugha laini kuliko nilivyozoea.

"Ati nitoke?" akasema. "Nitoke ndio murete ingine ya kuzaliwa Kitare, muniambie ni hii imezaa? Senge, mimi nimezeeka, sijapotea akili."

Nisingeweza kumlaumu, na ndilo lililoniudhi zaidi. Ningekuwa mimi, nimechekwa kwenye josho miaka yote ile, ningekuja na viti viwili.

Ijumaa asubuhi Nasambu alinifuata jikoni. Gauni lake lilikuwa limening'inizwa chumbani kwangu, limefunikwa shuka, na nilikuwa nimejizuia kulitazama tangu Jumatano. Alichukua kisu akaanza kunisaidia kukata sukumawiki. Kisha akasema, "Senge, kesho ikifika hivi, mimi siondoki. Baba anasema tuende tu kanisani, khocha atapoa. Lakini mimi siwezi kumpita pale mlangoni na gauni. Huyo ndiye mama yangu aliyebaki."

"Na Kipsang?"

"Nimemwambia. Amesema atangoja." Hapo machozi yakamtoka, akasingizia moshi, na meko yangu ni ya gesi.

Nilikasirika. Nilimkasirikia khocha, nikamkasirikia baba yangu kaburini, nikamkasirikia Dachesi na heshima zake. Halafu nikatoka nje nikakamata kuku wangu mkubwa anayetaga, yule ambaye nilikuwa nimemkatalia hata mchungaji, nikamchinja.

Mtu ambaye hakukulia kwetu huenda asielewe. Kuku akipikwa, firigisi haipewi mtu yeyote. Ni ya mkubwa, ni ya mgeni wa heshima, na kumpa mtu firigisi ni kumwambia mbele ya wote kwamba hapa wewe ndiye wewe. Ukipewa hukatai. Na huwezi kuila umesimama, wala umekaa juu ya kiti cha kukunja karibu na samadi. Huliwa ndani ya nyumba, mezani, mikono imenawishwa, kwa utulivu, na wengine wakingoja. Kuku alipoiva, nikajifunga kanga safi, nikaenda mpaka bandani, nikapiga goti, mimi Nabwile, mbele ya mama wa mandazi na watu wake.

"Khocha," nikamwambia, "dada yako hayupo wa kukupikia. Nimekupikia mimi. Firigisi yako iko mezani."

Alinitazama. Alijua ninafanya nini, na alijua mimi najua kwamba anajua. Lakini goti lilikuwa chini na watu walikuwa wanaona. Akafikiri, na mwishoni akatoa masharti yake. Lango lifungwe na ufunguo apewe yeye. Watazamaji wote watoke nje ya boma. Kipsang, Wakhungu na Nasambu wakae ndani mezani pamoja naye, kila mtu mahali anapomwona. Nikainamisha kichwa ili asione uso wangu, maana alikuwa anapanga kila kitu kama ambavyo ningemwomba.

Tukaketi. Nasambu alimnawisha mikono. Wakhungu, ambaye kwa kawaida sala yake ya chakula ni ya kumeza, alinitazama kidogo, akafumba macho, akaanza. Akashukuru kwa kuku. Akawaombea wagonjwa, wajane, wasafiri wa Kitale na wa Webuye. Akaombea mvua, halafu akaombea jua la kukaushia mahindi. Akawaombea viongozi kuanzia wa kijiji kwenda juu, hakuruka mtu. Sijawahi kumpenda kaka yangu kama nilivyompenda wakati ule.

Khocha akala firigisi kwa vipande vidogo, kama inavyotakiwa. Nikamwongezea mchuzi. Nikamwongezea ugali wa wimbi. Katikati ya mlo, mkono wa Kipsang uliokuwa umebeba tonge ukasimama hewani. Mimi sikusikia kitu, ila yeye alisikia. Nikamkanyaga mguu chini ya meza, akatia tonge mdomoni na kutafuna macho yakiwa yamemtoka. Baadaye aliniambia kwamba farasi akishaanza hana mzaha kama ng'ombe: chupa ya maji ikipasuka, kabla hujamaliza kusonga ugali mtoto yuko chini. Na asipokuwa chini muda huo, kuna shida. Ndiyo maana kijana alitokwa na jasho vile, akiwa hawezi kunyanyuka kwa sababu mjomba wa mkewe anakula.

Hatimaye khocha akafuta mdomo, akanishukuru kwa jina langu la ukoo, akasimama. Tulimfuata sote, tukijifanya hatuna haraka.

Dachesi alikuwa amelala juu ya nyasi. Nyuma yake, nusu ndani ya utando mweupe, kulikuwa na kitu chembamba, kimelowa, chote miguu. Kikapiga chafya. Dachesi akageuza shingo, akakiita kwa sauti ya chini kabisa ambayo mimi, niliyempa maji miezi yote hiyo, sikuwahi kuisikia, akaanza kukilamba.

Khocha alikwenda kwanza langoni akatikisa kufuli. Lilikuwa limefungwa, ufunguo uko mfukoni mwake. Akarudi polepole, akainama, akamwomba Dachesi ruhusa kwa mkono wazi, kisha akashika mguu mmoja wa yule mtoto na kuugeuza aone kwato. Kwato za mtoto wa farasi anapozaliwa huwa zimefunikwa na nyuzi laini, laini kama kiini cha mgomba, ili asimkwaruze mama yake tumboni. Akishasimama na kutembea kidogo, zinaisha. Kipsang alifungua mdomo kueleza, nikamkanyaga tena. Ndama naye huzaliwa na kwato laini, na khocha amepokea ndama wengi kwa mikono yake kuliko sisi wote.

Alipapasa ule ulaini kwa kidole gumba muda mrefu.

"Hii haijakanyaga mahari," akasema. "Haijakanyaga mahari popote."

Akaushusha mguu kwa uangalifu, akajipangusa mikono kwenye suruali yake nzuri, akamgeukia Nasambu aliyekuwa ameshika nguzo ya banda kwa mikono miwili. "Enda ukaoge, mama. Kesho unaolewa."

Harusi ilikwenda kama harusi zinavyokwenda. Keki ilichelewa, spika zikalia, khocha akasimama mahali pa mama na kutoa baraka ndefu kuliko sala ya Wakhungu. Ila watu wa Kibabii hawakuwa na habari na bibi harusi. Walikuwa wanaongea juu ya mtoto wa farasi, ambaye kabla ya jua kutua siku ile ya Ijumaa alikuwa ameshasimama, ameanguka kwa pua, amesimama tena, amenyonya kiwiko cha Kipsang akidhani ni ziwa, kisha amelipata ziwa lenyewe. Jumamosi, wakati maharusi wanaondoka, alikuwa anakimbia. Alikuwa jike. Watoto wa jirani wakampa jina la Firigisi, na khocha alipolipinga, likamganda zaidi.

Khocha alidhani atamchukua baada ya Krismasi. Kipsang akamweleza kwamba mtoto wa farasi hukaa na mama yake kama miezi sita. Khocha akahesabu kwa vidole, safari hii akamwuliza, "Sita ya watu wote au sita yenu?" Akajibiwa ni ya watu wote. Akauliza atampanda lini. Akaambiwa mifupa yake haitakuwa imekomaa mpaka afike miaka mitatu, na miguu anayoiona mirefu imezaliwa karibu na urefu wake wote, mwili ndio unaofuata nyuma. Alinuna kidogo. Lakini kuanzia hapo alikuja kila Jumamosi. Alikuja kumtazama akikua, akajifunza kumshika kwato ili azoee, na siku alipomkuta anakula mavi ya mama yake alinipigia kelele kwamba sisi hatumlishi mtoto. Nikampigia Kipsang simu, akacheka, akasema wote hufanya hivyo wakiwa wadogo, ndivyo tumbo linavyojifunza nyasi. Khocha hakuridhika mpaka alipoambiwa na Kipsang mwenyewe. Kofia ya kuingilia sokoni sikuisikia tena.

Juni ikafika. Kipsang na Nasambu walikuja kutoka Kitale na lori dogo, na wakamshauri khocha amweke Firigisi pamoja na mbuzi ili asiwe peke yake. Khocha alimpeleka Chwele. Dachesi alibaki kwetu siku kadhaa kabla ya kurudishwa, na alikuwa akitembea kando ya ua akiita, anasimama kusikiliza, anaita tena. Nilimpelekea maganda ya ndizi, hakuyagusa. Nililia kidogo, sioni aibu kusema.

Alasiri ya siku ya pili simu yangu ikalia. Alikuwa khocha.

"Senge, inalia," akasema. "Tangu jana. Mbuzi haitaki, maji haitaki."

Nikamwambia Kipsang alisema italia siku chache kisha itatulia. Akasema anajua Kipsang alisema nini. Kwa mbali nilimsikia Firigisi kweli, sauti nyembamba, na huku kwetu Dachesi akiita uani, wala hawasikiani.

"Phelista," khocha akasema. "Muripomreta hapo. Arilia?"

Miaka yote ile hajawahi kuniuliza. Nami nilikuwa msichana wa boma hili wakati huo, na bibi harusi alilazwa chumbani kwangu mpaka nyumba yao ilipoezekwa. Ningeweza kumwambia hapana.

"Alilia," nikamwambia. "Alilia karibu wiki nzima. Tukizima taa alikuwa anageukia ukuta. Halafu asubuhi moja akaamka, akaniuliza jembe liko wapi."

Nilisikia anaiweka simu juu ya kitu bila kuizima, kisha hatua zake zikienda. Akaanza kuongea na yule mtoto kwa Lubukusu, taratibu, sauti ya mtu aliyechuchumaa, akimwambia atazoea, na kwamba Kibabii si mbali.